Sura ya Sita: Kihariri Kinajuaje?

Chukua mistari mitatu ya Python, lugha ambayo wanafunzi wengi wa programu huanza nayo siku hizi:

kiasi = input("Weka kiasi: ")
ada = 20
jumla = kiasi + ada

Iandike ndani ya kihariri cha kisasa. Kabla hujaendesha programu, mstari mwekundu wa mawimbi unajichora chini ya kiasi + ada. Sogeza mshale wa kipanya juu ya neno kiasi, usibonyeze, na kidirisha kidogo kinafunguka: str, yaani maandishi. Usogeze juu ya ada: int, yaani namba kamili. Wewe hukuandika popote kwamba kiasi ni maandishi. Hakuna aliyeulizwa kiasi wala aliyejibu, kwa kuwa programu bado haijaendeshwa. Lakini kihariri kimekwisha kujua kwamba mtumiaji huyo, awe nani na ajibu nini, jibu lake litaingia likiwa maandishi, na kwamba Python haijumlishi maandishi na namba.

Ungeiendesha bila onyo hilo, programu ingekatika kwenye mstari wa tatu, na hapo ungekuwa na bahati. Badilisha mstari huo uwe jumla = kiasi * 2 na mambo yanaharibika kimyakimya. Mtumiaji akiandika 500, Python haikatiki wala hailalamiki. Inayarudia maandishi hayo mara mbili na kukupa 500500. Hata kihariri hakichori kitu hapo, maana kuzidisha maandishi kwa namba ni tendo halali katika lugha hii. Kinachofanya ni kutunza kumbukumbu: jumla nayo ni maandishi. Siku utakapoipeleka kwenye funksheni inayodai namba kamili, hata kama funksheni hiyo iko kwenye faili jingine na iliandikwa na mtu mwingine, ndipo mstari mwekundu utakapotokea.

Nataka kuonyesha ujuzi huo unatoka wapi na unaishia wapi. Ni kazi iliyofanywa na wanamantiki na waunda lugha kwa zaidi ya nusu karne, na naamini mwandishi wa programu anayeielewa huandika tofauti na yule anayekimbizana tu na mistari myekundu mpaka ipotee.

Programu inayofanya uchunguzi huu huitwa kikagua aina, na chakula chake ni maandishi ya msimbo peke yake. Huyakata vipande vidogo: majina, namba, alama. Vipande huvipanga kuwa mti unaoonyesha nini kiko ndani ya nini. Kisha hufunga kila jina na mahali lilipozaliwa, kwa sababu jina kiasi ndani ya funksheni moja linaweza kuwa halihusiani kabisa na kiasi cha funksheni ya jirani. Baada ya hapo huchora ramani ya njia ambazo utekelezaji unaweza kupita: hapa panagawanyika kwa sababu ya if, hapa njia zinakutana tena, hapa panazunguka kwa sababu ya while.

Unapouliza aina ya kiasi kwenye mstari wa tatu, kikagua aina hurudi nyuma kwenye ramani hiyo mpaka kipate mahali jina lilipopewa thamani mara ya mwisho. Kinakuta mstari wa kwanza, na upande wa kulia wa alama ya usawa kuna wito wa input. Basi swali linageuka: input hurudisha nini? Jibu liko kwenye mkusanyo wa mafaili uitwao typeshed, ambamo watu wamekaa wakaandika kwa mkono aina za funksheni za maktaba ya kawaida ya Python, moja baada ya nyingine. Mstari wa input humo unasema funksheni hii hurudisha str. Safari imekwisha.

Hapa kuna jambo ambalo sura nzima italizunguka. Fuatilia ung'amuzi wowote wa kikagua aina cha Python hadi chanzo chake, na utakuta unakoma kwenye thamani iliyoandikwa waziwazi, kama ile 20, au kwenye tamko la binadamu fulani, kama lile la typeshed. Mashine husafirisha ujuzi kutoka mstari hadi mstari kwa uaminifu wa ajabu. Lakini ujuzi wenyewe lazima uwe umeingizwa mahali fulani.

Je, lazima kila mara uingizwe kwa tamko? Kwa kiwango kikubwa, hapana, na ugunduzi huo ni wa kupendeza. Mzungumzaji wa Kiswahili yuko tayari kuuelewa. Mtu akiwa jikoni akasema tu "Kimevunjika", wewe uliye sebuleni hujui ni kitu gani, lakini unajua mengi: ni kimoja, na ni cha ngeli ya KI-VI. Kinaweza kuwa kikombe, kioo au kiti; hakiwezi kuwa yai wala mtungi. Hukutajiwa nomino, umeibaini ngeli yake kutokana na namna ilivyotumika. Na akisema "Imeharibika", unabaki na zaidi ya uwezekano mmoja: huenda ni saa moja, huenda ni mikeka kadhaa. Ushahidi umekufikisha hapo na hauruhusu kwenda mbele.

Kubaini aina kutokana na matumizi ndiko kulikofanywa na Robin Milner katika Chuo Kikuu cha Edinburgh miaka ya 1970. Milner hakuwa anatengeneza kihariri. Alikuwa anajenga LCF, mfumo wa kompyuta wa kusaidia kuthibitisha nadharia za kimantiki, na akahitaji lugha ya kuuendeshea. Lugha hiyo ikaitwa ML. Ndani yake kulikuwa na aina maalumu kwa ajili ya nadharia zilizothibitishwa, na njia pekee ya kupata kitu cha aina hiyo ilikuwa kupitia kanuni halali za mantiki. Programu ikikubaliwa na kikagua aina, haikuweza kughushi nadharia. Kwa hiyo tangu mwanzo suala halikuwa kuokoa muda wa mwandishi. Lilikuwa kuhakikisha kwamba uongo hauwezi kuandikika.

Milner hakutaka watumiaji wa LCF walemewe na kutamka aina ya kila kitu. Tazama funksheni hii ya ML, inayochukua funksheni nyingine iitwayo f na kuitumia kwa kila kilichomo kwenye orodha:

fun badili f [] = []
  | badili f (x::mabaki) = f x :: badili f mabaki

Hakuna aina hata moja iliyotajwa. Kikagua aina kinaanza kwa kukiri kutojua, na kila kisichojulikana hukipa herufi. Kinaona f x: basi f ni funksheni, inapokea kitu cha aina A isiyojulikana na kutoa kitu cha aina B isiyojulikana, na x ni wa aina A. Kinaona x ametolewa mwanzoni mwa orodha: basi orodha nzima ni ya vitu vya aina A, maana orodha za ML hazichanganyi aina. Kinaona matokeo ya f x yamewekwa mwanzoni mwa orodha nyingine: basi orodha inayotoka ni ya vitu vya aina B. Hakuna mahali pengine panapolazimisha A au B kuwa kitu fulani, na hapo ndipo uzuri ulipo: herufi hizo zinaachwa wazi. Funksheni badili inafaa kwa orodha ya namba, ya majina, ya orodha nyingine, ya chochote, na kikagua aina kimeligundua hilo bila mwandishi kulisema, pengine hata bila yeye kulifikiria.

Kila matumizi hutoa mlinganyo, na milinganyo yote hutatuliwa pamoja kwa mbinu iliyoelezwa na John Alan Robinson mwaka 1965 alipokuwa akishughulikia uthibitishaji wa nadharia kwa mashine. Ikitokea milinganyo inadai kwamba namba kamili na maandishi ni kitu kimoja, kuna kosa. Milner alichapisha nadharia yake mwaka 1978. Mwanafunzi wake Luis Damas akaungana naye mwaka 1982 kuthibitisha kwamba njia hii hupata aina pana kuliko zote zinazowezekana, kama ipo. Mwanamantiki Roger Hindley alikuwa amefikia matokeo ya karibu mwaka 1969, akitokea upande wa mantiki tupu, ndiyo maana vitabu vinataja majina yote mawili, Hindley na Milner. Mwaka 1991 Milner alipewa Tuzo ya Turing, na ML ni mojawapo ya kazi zilizotajwa kuwa sababu.

Kama njia hii ni nzuri hivyo, kwa nini kihariri chako hakiitumii kwa kila lugha? Sababu moja ni mahali kosa linapoonekana. Katika mfumo wa milinganyo, ushahidi wote una uzito sawa. Umekosea kwenye mstari wa 10, lakini mlinganyo unaogongana unaweza kuwa wa mstari wa 90, na mstari mwekundu ukachorwa huko. Waliojifunza ML wanaifahamu adha hii. Mwaka 1998 Benjamin Pierce na David Turner walipendekeza njia ya karibu zaidi na ardhi: mwandishi atamke aina kwenye mipaka ya funksheni, na mashine ibaini zilizobaki kwa kuangalia majirani tu, taarifa zikipita kutoka ndani kwenda nje na kutoka nje kwenda ndani. Lugha nyingi unazoziona kazini leo zinafuata roho hiyo kuliko ile ya Milner, na kwa mtu anayesoma makosa kwenye skrini nadhani hilo lilikuwa chaguo sahihi.

Sababu nyingine ni kwamba Python na JavaScript hazikuzaliwa na mpango huu kabisa. Guido van Rossum alitoa Python kwa umma mwaka 1991. Ndani yake thamani ndiyo yenye aina, siyo jina. Jina moja linaweza kushika namba asubuhi na orodha jioni, na lugha haioni tatizo. Uhuru huo ulisaidia sana Python kupendwa. Ukageuka mzigo pale programu zilipofikia mamilioni ya mistari, zikiguswa na watu mamia ambao hawawezi kuulizana kila mara "hii data inayoingia hapa ni nini hasa?"

Aliyelivalia njuga jambo hili ni Jukka Lehtosalo, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Finland aliyekuwa Cambridge. Mradi wake, mypy, ulianza ukiwa na sintaksia yake mwenyewe. Mwaka 2013, kwenye mkutano wa PyCon huko Santa Clara, alizungumza na van Rossum, ambaye alimshawishi aiache na kufuata Python kama ilivyo. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2008 Python iliruhusu kuandika maelezo pembeni ya majina ya vipokezi vya funksheni, ila maelezo hayo hayakuwa na maana rasmi. Sasa yalipewa maana. Pendekezo la PEP 484, lililoandikwa na van Rossum, Lehtosalo na Łukasz Langa, liliingia kwenye Python 3.5 mwezi Septemba 2015. Kampuni ya Dropbox, ambako van Rossum na Lehtosalo walifanya kazi, ilieleza mwaka 2019 kwamba mistari milioni 4 ya msimbo wake ilikuwa inakaguliwa kwa mypy.

Jambo la kuzingatia katika PEP 484 ni kwamba matamko ni hiari, na Python yenyewe haiyafuati wakati wa kuendesha. Ukiandika kiasi: int halafu ukaipa maandishi, Python itaendelea kama kawaida. Mkaguzi yuko nje ya lugha. Kwa kuwa yuko nje, anaweza kuwa zaidi ya mmoja, na wakaguzi wawili waaminifu wanaweza kusoma mistari ileile wakatofautiana. Hili huwashangaza wengi, kwa hiyo linastahili mfano:

if hali == 200:
    jibu = 1500
else:
    jibu = "imeshindikana"

Mypy, kwa desturi yake ya miaka mingi, huchukulia thamani ya kwanza kuwa nia ya mwandishi. Imeona 1500, basi jibu ni int, na mstari wa mwisho unahesabiwa kuwa kosa: unaingiza maandishi mahali pa namba. Pyright, kikagua aina kilichoanzishwa na Eric Traut ndani ya Microsoft na kinachofanya kazi ndani ya kihariri cha VS Code kupitia kiendelezi cha Pylance, hakioni kosa. Chenyewe hukusanya kila kitu ambacho jina limewahi kupewa na kuunda muungano: baada ya if, jibu ni int | str, ama namba ama maandishi. Ndani ya tawi la kwanza ni int tu, ndani ya la pili ni str tu. Hali ni ileile ya "Imeharibika": ushahidi unaruhusu mawili, basi yanabebwa yote mawili. Onyo litakuja baadaye, ukijaribu kufanya hesabu na jibu bila kwanza kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili.

Nani yuko sahihi? Ukisoma mijadala utadhani ni ushabiki wa mpira, lakini swali ni la maana: jina katika programu ni ahadi, au ni chombo? Mypy husema ni ahadi. Ulipolizaa ulitangaza litabeba nini, na ukilitumia kwa kingine pengine umechanganya mambo. Pyright husema ni chombo. Kilichomo sasa ndicho cha muhimu, nami nitakifuatilia kokote kiendako. Katika msimbo unaoandikwa upya naegemea upande wa mypy, kwa sababu jina lenye maana mbili humchosha msomaji hata kama mashine hailalamiki. Katika msimbo wa zamani ulioandikwa bila matamko, Pyright ina manufaa zaidi, kwani huchunguza hata funksheni zisizo na tamko lolote, ilhali mypy kwa kawaida huzipita mpaka uiambie isizipite.

Ufuatiliaji huo wa njia ndio unaozaa mbinu ninayoiona kuwa na manufaa kuliko zote, nayo ni kubana aina. Tuseme una funksheni tafuta(simu) inayorudisha Mteja | None: mteja akipatikana unampata, asipopatikana unapata None, yaani hakuna. Ukiandika mteja.salio mara moja, mstari mwekundu unatokea, kwa sababu None haina salio. Tangulia na mstari unaosema if mteja is None: return, na wekundu unatoweka. Hukutamka chochote kipya. Kikagua aina kimeona kwamba njia yenye None imeishia kwenye return, kwa hiyo yeyote anayefika mstari unaofuata amekuja na mteja halisi.

Ukubwa wa jambo hili utauona ukimkumbuka mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare, aliyeingiza rejeleo tupu, yaani lisiloelekeza kwenye kitu chochote, kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965 kwa sababu, kwa maelezo yake, lilikuwa rahisi sana kuliweka. Mwaka 2009, mbele ya hadhara London, aliliita kosa lake la dola bilioni moja. Programu zilizokatika kwa sababu mtu alidhani kuna kitu kumbe hakuna hazihesabiki. Kwa nusu karne tiba ilikuwa kumkumbusha mwandishi awe mwangalifu. Siku hizi mashine inamwonyesha mstari wenyewe.

TypeScript, ambayo Microsoft iliitangaza Oktoba 2012 chini ya uongozi wa Anders Hejlsberg, mtunzi wa Turbo Pascal na C#, ilileta mbinu hizi kwa waandishi wa JavaScript. Uchunguzi wa njia za utekelezaji uliingia kwenye toleo la 2.0 mwaka 2016. Utafiti wa Zheng Gao, Christian Bird na Earl Barr uliotolewa mwaka 2017 ulichukua hitilafu za miradi ya wazi ya JavaScript ambazo zilikuwa zimeshapita majaribio na kufika kwa umma, ukauliza: je, kikagua aina kingezizuia? Kwa 15% ya hitilafu hizo, jibu lilikuwa ndiyo. Wapo wanaoiona asilimia hiyo ni ndogo. Mimi naiona kubwa, kwa kuwa hizi ni zile zilizowaponyoka wote.

Yote haya yangebaki vitabuni kama yasingekuwa ya haraka. Kompaila inaweza kukuchelewesha, kihariri hakiwezi. Unapoandika, msimbo wako karibu muda wote umevunjika: mabano hayajafungwa, neno limeishia katikati. Kikagua aina cha kihariri lazima kijenge mti hata kutokana na maandishi hayo pungufu na kukisia sehemu iliyokosekana, la sivyo mapendekezo yangetoweka pale hasa unapoyahitaji. Tena lazima kiwe mvivu kwa makusudi. Pyright haikokotoi aina ya kila jina katika mradi mzima kwa kila herufi unayoandika. Hukokotoa kile kilichoulizwa, na kile ambacho jibu lake linakitegemea, na kuhifadhi jibu mpaka kitu kibadilike. Vizunguko ndivyo vigumu zaidi. Aina ya jina mwanzoni mwa while inaweza kutegemea aina yake mwishoni mwa mzunguko uleule, kwa hiyo kikagua aina huanza na jibu pungufu, huzunguka, hulirekebisha, na huacha pale jibu linapokoma kubadilika.

Kuna pia tatizo la uhandisi ambalo lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitatua. Vihariri ni vingi, lugha ni nyingi. Vihariri 10 na lugha 20 vingehitaji viunganishi 200. Juni 2016 Microsoft, Red Hat na Codenvy walitangaza itifaki ya pamoja, Language Server Protocol, ambayo kwayo kihariri na kikagua aina huzungumza vikiwa programu mbili tofauti. Kihariri hutuma ujumbe: mtumiaji ameweka mshale kwenye faili hili, mstari huu, herufi hii. Seva ya lugha hujibu: hapo pana str. Ghafla viunganishi 200 vikawa 30, na mtu anayetumia Vim kwenye kompyuta ya zamani akapata ujuzi uleule wa anayetumia VS Code.

Mbio za kasi bado zinaendelea. Machi 2025 Hejlsberg alitangaza kwamba kikagua aina cha TypeScript, kilichokuwa kimeandikwa kwa TypeScript yenyewe, kinahamishiwa kwenye lugha ya Go. Msimbo wa VS Code, wenye mistari zaidi ya milioni 1.5, uliokuwa ukikaguliwa kwa sekunde 77.8, sasa ulichukua 7.5.

Lakini hakuna kasi itakayovuka mipaka fulani. Henry Gordon Rice alithibitisha mwaka 1953 kwamba hakuna algoriti inayoweza kujibu kwa usahihi, kwa programu zote, swali lolote la maana kuhusu tabia zao. Kikagua aina kwa hiyo lazima kichague upande wa kukosea: kikatae baadhi ya programu zilizo salama, au kikubali baadhi zisizo salama. Milner alichagua kukataa. Waunda TypeScript waliandika waziwazi katika malengo yao kwamba usalama kamili wa kihisabati haumo, kwa kuwa walitaka kuwafikia watu wenye msimbo wa JavaScript uliokwisha andikwa.

Mpaka unaotugusa sisi zaidi, hata hivyo, hauhitaji nadharia ya Rice. Sehemu kubwa ya msimbo unaoandikwa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala huunganishwa na huduma za nje, hasa za malipo ya simu. Majibu ya huduma hizo huja kama maandishi ya JSON, na Python huyafungua kwa json.loads. Katika typeshed, funksheni hiyo imetamkwa kwamba hurudisha Any. Waandishi wa typeshed hawakuzembea. Hakuna ajuaye kilichomo mpaka kifike. Lakini Any ina tabia ya kipekee: hukubaliana na kila aina, kwenda na kurudi. Jeremy Siek na Walid Taha walieleza msingi wa jambo hili mwaka 2006, wakitafuta namna ya kuziruhusu sehemu zenye aina na zisizo na aina kuishi ndani ya programu moja. Weka matokeo ya json.loads kwenye jina jibu. Ukiandika jibu["kiasi"] + 20, hakuna wekundu. Ukiandika jibu["kiais"] + 20, umekosea herufi, hakuna wekundu. Kila unachokichota kutoka kwenye Any ni Any, nacho husambaa kwenye majina yanayofuata, na kihariri kinanyamaza. Anayeuzoea ukimya huo huudhani kuwa idhini.

Njia ya kuusimamisha ni kuandika tamko pale hasa ambapo data inaingia, kwa kutumia object badala ya Any. Zote mbili husema "kitu chochote". Any huongeza "na ukifanyie chochote", ilhali object huongeza "na usikiguse kabla hujathibitisha ni nini":

@dataclass
class Malipo:
    simu: str
    kiasi: int

def soma_malipo(data: dict[str, object]) -> Malipo:
    simu = data.get("simu")
    kiasi = data.get("kiasi")
    if not isinstance(simu, str) or not isinstance(kiasi, int):
        raise ValueError("malipo hayajakamilika")
    return Malipo(simu, kiasi)

Futa mstari wenye isinstance na ule wa raise unaoufuata, na kikagua aina kitakataa mstari wa mwisho, maana hakuna ushahidi kwamba kiasi ni namba. Irudishe, na kwenye return majina yote mawili yamebanwa: simu ni str, kiasi ni int. Tofauti na matamko, isinstance hutekelezwa kweli programu inapoendeshwa, kwa hiyo hapa hatumwamini mtu, tunapima. Kuanzia mstari huo hakuna haja ya kuandika aina tena ndani ya funksheni zinazofuata. Kila mahali malipo.kiasi itakapopelekwa, kihariri kitajua ni namba kamili, na siku mtoa huduma atakapoanza kuituma ikiwa ndani ya alama za nukuu, soma_malipo itaikataa mlangoni, kabla haijazidishwa na chochote.